Dau au Mtego: Hesabu ya Aliyeketi Kushoto

Wacheza poka wengi, wakipata karata nzuri mapema, hujiuliza swali moja tu: mkono wangu una nguvu kiasi gani? Ukiwa na nguvu sana, wanaficha makucha. Wanapita kama watu wasio na kitu, wanangoja mwingine aweke dau, kisha wanampandishia. Ukiwa na nguvu ya wastani, wanaweka dau wenyewe. Desturi hii imeenea kuliko inavyostahili. Katika Texas Hold'em ya kikomo, yaani ile ambayo ukubwa wa dau umepangwa na hakuna awezaye kuuzidisha kwa hamu yake, nguvu ya mkono ni nusu tu ya hesabu, tena nusu iliyo nyepesi. Nusu nzito ni nani ameketi wapi.

Tubuni meza na tuiweke Butare. Sisemi Butare ya chuo kikuu, ambayo siku hizi inaitwa Huye. Nasema sekta ya Butare wilayani Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, ambako vilima vinapakana na msitu wa Nyungwe. Watu sita wameamua kujaribu poka, na kwa kuwa kamari ya pesa ina sheria na leseni zake, wanachezea maharage. Yupo mwalimu, mkulima wa chai, dereva wa pikipiki, mshonaji, mwenye duka, na wewe.

Kanuni ni chache. Wawili wanatoa dau la lazima kabla ya kuona chochote: mwenye duka punje 1, wewe punje 2. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, na zamu ya kwanza ya madau inapita. Halafu zinafunuliwa karata tatu mezani kwa mpigo mmoja, ndiyo flopu. Baadaye inakuja ya nne, mwisho ya tano, na kila ufunuo una zamu yake ya madau. Katika zamu mbili za kwanza dau ni punje 2. Katika mbili za mwisho ni punje 4. Kwa kawaida kila zamu inaruhusu dau moja na kupandisha mara tatu, basi. Zamu huenda upande wa kushoto, na wewe, kwa kuwa mwenye duka ametupa karata zake na kuiacha punje yake mezani, unazungumza wa kwanza kuanzia flopu hadi mwisho.

Hilo la kuzungumza wa kwanza ndilo linalozaa swali zima. Anayezungumza mwisho hana la kuchagua: akipita, zamu imekwisha, hakuna wa kumwekea dau ampandishie. Mtego, yaani kupita kisha kupandisha, ni silaha ya aliye mbele, yaani aliye katika kiti kibaya. Na katika mchezo wa kikomo silaha hiyo ina kazi ambayo haina mbadala. Kwenye poka isiyo na kikomo, ile iliyopata umaarufu baada ya Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, kushinda ubingwa wa dunia mwaka 2003, ukitaka kumtoza mtu bei kali unasukuma rundo kubwa na yamekwisha. Huku punje ni 2, hazizidi. Ukitaka mtu akabiliane na punje 4 kwa mpigo, lazima mtu mmoja aweke dau na mwingine apandishe kabla zamu haijamfikia.

Sasa mfano. Mwalimu alipandisha kabla ya flopu, wengine watatu wakafuata, nawe ukafuata. Watu watano wametoa punje 4 kila mmoja, jumla 20, na ile punje 1 ya mwenye duka. Fungu ni 21. Una tisa na nane. Flopu inafunuliwa: tisa, nane, tatu, kila moja ya rangi yake. Una jozi mbili, mkono mzuri sana, lakini mkono wenye maadui wengi. Mshonaji, tuseme, ana malkia na jeki. Hana kitu kwa sasa, ila karata yoyote ya kumi itamkamilishia mfululizo wa nane hadi malkia. Katika karata 47 asizoziona, nne zinamfaa na 43 hazimfai. Kwa hiyo ili afuate bila hasara papo hapo, fungu lazima limlipe karibu mara 11 ya anachotoa; kwa usahihi, mara 10.75.

Ukiweka dau la punje 2, fungu linakuwa 23. Mshonaji anaona 23 kwa 2, sawa na 11.5 kwa 1, anafuata, na yuko sahihi. Umefanya jambo linaloonekana la kishujaa, kumbe umemwuzia tiketi kwa bei ya haki.

Tumweke mwalimu katika kiti cha mwisho. Unapita. Mkulima, dereva na mshonaji wanapita kwa sababu wote wanamtazama mwalimu, aliyeonyesha nguvu tangu mwanzo. Mwalimu anaweka punje 2, fungu 23. Unapandisha hadi 4, fungu 27. Mkulima, dereva na mshonaji, ambao hawajatoa kitu katika zamu hii, kila mmoja anatakiwa kutoa punje 4. Mshonaji sasa anaona 27 kwa 4, yaani 6.75 kwa 1. Akifuata anakosea, na kosa lake linakuingizia wewe. Akitupa, adui mmoja kaondoka. Mkono ni uleule, flopu ni ileile, na kilichobadilisha bei ni kiti cha mwalimu.

Mhamishe mwalimu, mweke kushoto kwako, wa kwanza baada yako. Unapita, anaweka 2, fungu 23. Mkulima anafuata, dereva anafuata, mshonaji anafuata, fungu 29. Ndipo unapandisha, fungu 33. Mwalimu na wote waliokwisha kuingia wanaombwa punje 2 tu za kuongeza, na hakuna mtu mwenye akili anayekimbia fungu la 33 kwa ajili ya punje 2. Mtego umenasa, lakini umewanasa watu ambao ungependa waondoke. Hapa njia ya kuwafukuza ni ile nyingine: weka dau wewe. Mwalimu akiwa na jozi ya jeki au ya karata yoyote iliyo kubwa kuliko tisa atapandisha hadi 4, na wale watatu walio nyuma yake watakutana na bei ileile ya 27 kwa 4. Umemtumia yeye kuwa ukuta wako.

Tofauti moja ndogo ina uzito. Aliyepandisha kabla ya flopu, akipitiwa na watu wote, huweka dau karibu kila mara, hata akiwa na ree na mfalme ambao flopu haikuwagusa. Lakini akiwekewa dau usoni, hapandishi kwa wepesi huohuo. Mara nyingi atafuata tu aone. Kwa hiyo mtego dhidi ya mwalimu wa kiti cha mwisho unategemeka zaidi kuliko dau dhidi ya mwalimu wa kushoto. Vitabu vilivyolipanga somo hili katika miaka ya 1980, hasa vya David Sklansky na mwenzake Mason Malmuth, vilifundisha kutazama kiti cha anayetarajiwa kuweka dau pamoja na karata, lakini nadhani wasomaji wengi walibaki na picha ya mtego peke yake kwa sababu unapendeza kuusimulia.

Hadi hapa nimedhani kwamba unataka watu waondoke. Si kila mkono mzuri unataka hivyo. Chukua jozi ya saba mkononi, na flopu ya mfalme, saba na mbili za rangi tofauti. Una saba tatu. Mfululizo hauko karibu, rangi haiko karibu, na mwenye mfalme anajiona yuko juu. Hapo wateja ni baraka, na mpangilio wa viti unageuka kichwa chini. Mwalimu akiwa kushoto kwako, pita: aweke dau, wote waingie kwa bei nafuu, kisha uwapandishie wakiwa ndani. Mwalimu akiwa mwisho, weka dau mwenyewe: watatu wafuate kwa punje 2, yeye apandishe, nao wakishatoa hawatapenda kuziacha, kisha unapandisha tena. Mwenye kupita katika hali hii ya pili, akampandishia mwalimu wa mwisho, anawafukuza wateja watatu kwa mkono ambao hauogopi mtu.

Kwa hiyo swali halisi lina matawi mawili, nawataka au siwataki, na jibu la kila tawi linaamuliwa na kiti. Mkono wenye nguvu unaweza kuangukia tawi lolote. Jozi ya juu kabisa iliyo peke yake, kwa mfano, ni dhaifu kuliko jozi mbili, na ndiyo maana inahitaji kuwafukuza watu zaidi. Mkono dhaifu kidogo unastahili mtego wa kufukuza zaidi kuliko mkono mkubwa. Hili linawashangaza wengi.

Lipo pia jambo la hasara ya kungoja. Ukipita na wote wakapita, karata ya nne inakuja bure. Tuipime kwa makisio ya fungu dogo la punje 12. Mtu mmoja angefuata dau lako. Mwingine, mwenye karata nne za kumwokoa, angetupa, kwa kuwa 14 kwa 2 haimtoshi. Ukiweka dau unavuna punje 2. Ukipita na mtu akaweka dau, unapandisha na unavuna 4. Ukipita na hakuna aliyeweka, huvuni kitu, na yule ambaye angekimbia amepata nafasi ya 4 kati ya 47 ya kukunyang'anya punje 12, wastani wa punje 1 hivi. Ukisawazisha, mtego unalipa ikiwa uwezekano wa mtu kuweka dau unazidi asilimia 60 hivi. Kama kusingekuwa na hatari ya karata ya bure, mpaka ungekuwa 50. Na ukikumbuka kwamba mtu huyo akipata karata yake hataishia kuchukua fungu, bali atakutoza na punje 4 za zamu zinazofuata, mpaka unapanda zaidi.

Hapo ndipo mitego mingi inapofia. Meza ambayo hakuna aliyepandisha mwanzoni, watu watano wamefuata tu kwa unyonge, haina mtu wa kutegemea aweke dau. Ukipita na jozi mbili mbele ya meza ya namna hiyo umegawa bure. Ni afadhali dau la kawaida, hata kama wanafuata watatu.

Wapo wanaosema subiri mpaka karata ya nne, dau linapoongezeka maradufu. Kufuata tu kwenye flopu, kisha kupita na kupandisha kwenye karata ya nne, kunamtoza mtu punje 8 mahali pa 4. Kwa saba tatu kwenye flopu kavu ni wazo zuri, mradi mpinzani ni mkaidi asiyejua kupunguza mwendo. Wengi wanapunguza. Wanaweka dau kwenye flopu kwa mazoea, na wakiona kuna mtu bado yupo, wanapita kwenye karata ya nne kuomba karata ya bure. Kwa mtu wa aina hiyo, chukua zako 4 mapema.

Je, mtego ni mchezo wa haki? Swali hili si la kitoto. Katika baadhi ya vilabu vya karata vya California, hasa kwenye poka ya zamani ya kubadilisha karata, kupita kisha kupandisha kulikatazwa kwa muda mrefu, na meza nyingi za nyumbani bado zinakuona kama utovu wa adabu: umesema huna kitu, halafu unageuka. Mwenye kujua bao la Kiswahili ataelewa mantiki ya makatazo hayo, kwa kuwa katika bao anayeweza kula lazima ale; sheria imekunyima hiari ya kujifanya hukuona. Igisoro, bao linalochezwa huku Rusizi kwenye ubao wa safu nne za mashimo nane na kete 64, liko mbali na tatizo hili kama bao lenyewe, maana kete zote ziko wazi na hila yoyote inaonekana kwa mwenye macho ya kuhesabu. Poka ni mchezo wa karata zilizofunikwa. Ukiondoa mtego, anayezungumza wa kwanza anabaki hana kinga: kila akipita, meza nzima inajua hana kitu. Mimi nauona ukatazaji huo kama adhabu kwa mtu aliyekosea kiti, na kiti hakuna aliyekichagua, kinazunguka.

Thamani ya kiti imepimwa. Januari 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Canada, Michael Bowling, Neil Burch na Michael Johanson, pamoja na Oskari Tammelin, walitangaza katika jarida la Science kwamba Texas Hold'em ya kikomo ya watu wawili imefumbuliwa. Programu yao, Cepheus, ilijicheza yenyewe kwenye kompyuta zilizounganishwa kwa zaidi ya miezi miwili, kazi ambayo kichakataji kimoja kingeifanya kwa miaka 900, mpaka ikabaki na kasoro ndogo kiasi kwamba mtu angeweza kucheza maisha yake yote asiweze kuithibitisha. Moja ya matokeo ni kwamba mgawaji, ambaye baada ya flopu huzungumza mwisho, ana faida ya karibu asilimia 9 ya dau kubwa la lazima kwa kila mkono, ingawa wote wawili wanacheza bila kosa. Kwa punje zetu ni chini ya moja ya tano ya punje, lakini ni kila mkono. Mtego haukifuti kiti kibaya. Unapunguza makali yake.

Jambo jingine la Cepheus linawaudhi wanaotaka kanuni moja: haina jibu moja. Kwa karata zilezile, mahali palepale, mara nyingine inafanya hivi na mara nyingine vile, kwa viwango ilivyovikokotoa. Sababu yake inaeleweka bila kompyuta. Ukipita na kupandisha kwa mikono mizuri tu, mwalimu atakoma kuweka dau unapopita. Na ukiwa hupiti kamwe na mikono mizuri, atakushambulia kila unapopita. Lazima mtego uwe na mikono mizuri, na mara mojamoja uwe na mkono mtupu, ili asijue.

Lakini meza ya watu wawili inaondoa sehemu tamu zaidi ya swali. Andy Beal, mwenye benki wa Dallas aliyewaendea mabingwa wa Las Vegas kuanzia 2001 kwa Hold'em ya kikomo ya mtu kwa mtu, na dau likafika dola 100,000 na 200,000, alidai kucheza na mmoja mmoja, na ni rahisi kumwelewa: hakuna mshonaji wa kufukuzwa, hakuna mkulima wa kunaswa katikati. Kuna mtu mmoja, atafuata au hatafuata. Mwaka 2019 programu ya Pluribus, ya Noam Brown na Tuomas Sandholm, iliwashinda wataalamu kwenye meza ya watu sita, tena isiyo na kikomo, lakini kushinda si kufumbua. Watu wakizidi wawili, hakuna hakikisho la kihesabu kwamba mkakati usio na kasoro utakulinda dhidi ya wote kwa pamoja.

Linabaki tatizo gumu kuliko yote, ambalo ushauri wa kushoto na mwisho hauligusi: mwalimu akiwa katikati. Wewe, kisha mkulima na dereva, kisha mwalimu, kisha mshonaji. Ukiweka dau na mwalimu akapandisha, anayekutana na punje 4 ni mshonaji peke yake, maana mkulima na dereva wamekwisha kulipa 2. Ukipita na kumpandishia mwalimu, wanaokutana na 4 ni mkulima na dereva, na mshonaji amekwisha kuingia. Kila njia inafukuza upande mmoja na kuuacha mwingine. Idadi si kipimo kizuri. Kipimo ni jinsi walivyoingia kabla ya flopu: mkulima na dereva walifuata dau la lazima kwanza, kwa punje 2, na watu wanaoingia hivyo hubeba karata za kushikana kama saba na sita, kumi na jeki. Mshonaji aliingia moja kwa moja juu ya kupandisha kwa mwalimu, kwa punje 4, na mtu wa namna hiyo, akiwa mwangalifu, ana jozi au karata kubwa. Flopu ya tisa, nane, tatu inawafaa wale wa katikati zaidi, kwa hiyo ungepita ili uwapige wao. Flopu ya mfalme na malkia, ukiwa na jozi zote mbili, inamfaa mshonaji mwenye ree na jeki. Hapo ungeweka dau, ukiomba mwalimu apandishe.

Na kama mshonaji ana sifa ya kufuata kila kitu kwa karata zozote, hesabu yote ya upande wake inaanguka, na unarudi kuwashughulikia wale wawili wanaojua kutupa.